Skrubu ya Saba

Ijumaa, tarehe 2 Machi 1984, saa nne na dakika kumi asubuhi, umeme ulirudi katika mtaa wa Rebolo, Barranquilla, na feni ya chumba cha mbele cha Ubaldo Pertuz ikaanza kuzunguka. Dada yake, Everlides, alitazama saa ya ukutani na kuandika muda huo kwenye pembe ya karatasi. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, na hakuna aliyejua safari hii utakaa kwa muda gani.

Mezani mbele yake palikuwa na amplifaya ya Mchwa. Mchwa lilikuwa jina la pikó, mtambo wa muziki wa mitaani, ya shemeji yake, Dagoberto: kabati la spika refu kuliko mlango, santuri mia nne, na kitambaa cha mbele kilichochorwa malkia wa mchwa akitafuna jumba la mfalme. Malkia huyo alikuwa na matundu mawili mahali pa macho. Zamani palikuwa na taa, zikikonyeza kwa kufuata ngoma. Zilivunjwa kwa chupa mwaka 1981, na hakuna aliyezirudisha.

Amplifaya ilikuwa na valvu kumi na mbili, vile vichupa vya kioo vinavyokuza sauti, na transfoma moja nzito kama mbuzi. Ubaldo aliisuka transfoma hiyo kwa mkono kwa siku arobaini, Everlides akiwa pembeni anahesabu mizunguko ya waya kwa sauti. Nyuma ya amplifaya palitokeza skrubu saba za shaba, kila moja na namba yake iliyogongwa kwenye bati. Namba hizo hazikuwepo tena. Ubaldo alizikwangua kwa tupa, kama vile wenye pikó walivyokwangua karatasi za katikati ya santuri zao ili mpinzani asijue wimbo ni wa nani wala umetoka nchi gani. Alikwangua hata maandishi ya kwenye valvu. Mchoro wa waya hakuuweka popote ila kichwani, na tarehe 9 Februari mshipa ulipasuka humo kichwani. Upande wake wa kulia ulikufa. Maneno yalimwisha yote isipokuwa moja.

Kesho ya Ijumaa hiyo, Jumamosi ya Karnivali, saa nane mchana, Mchwa angepambana na Askofu, pikó ya mtaa wa La Chinita. Kwa ajili hiyo Dagoberto alikuwa ameleta spika mpya kutoka Maracaibo. Za zamani zilikuwa za ohm kumi na sita. Haya yalikuwa makabati mawili ya ohm nane kila moja, na makabati mawili yakiunganishwa pamoja mzigo hushuka hadi nne. Amplifaya ya valvu haisamehe katika jambo hili. Kila mzigo una skrubu yake. Ukikosea, transfoma inachemka, lakiri inayokinga waya inayeyuka, na kazi ya siku arobaini inakuwa moshi. Mikono iliyoisuka sasa haikuweza kushika kijiko. Everlides alikuwa amemwahidi kaka yake, akimshika mkono ule uliobaki hai, kwamba hakuna kitu chake kitakachoungua.

Dagoberto aliingia bila shati, masikio meupe kwa unga wa mahindi ambao watu walikuwa wameanza kurushiana mitaani.

"Shemeji! Bado unaikodolea macho tu? Hicho chuma hakitakuoa."

"Hakiwashwi mpaka nijue skrubu."

"Si mwenyewe yule pale kakaa? Muulize!"

Ubaldo alikuwa kwenye kiti chake cha kubembea karibu na dirisha, na mkewe Dagoberto, Nelcy, ambaye ndiye mdogo wa mwisho wa Ubaldo na Everlides, alikuwa akimlisha uji. Dagoberto aliugeuza mgongo wa amplifaya upande wa Ubaldo na kugusa skrubu ya pili.

"Mzee, ya spika mpya ni hii?"

"Hiyo," alisema Ubaldo.

"Umesikia! Imekwisha hiyo. Funga waya twende."

Everlides aligusa ya tatu. "Au ni hii, kaka?"

"Hiyo."

"Na wewe Dagoberto, hebu simama hapa. Kaka, ya spika ni huyu mwenye tumbo?"

"Hiyo."

Nelcy alicheka mpaka uji ukamwagika. Dagoberto hakucheka. "Unamfanyia mzaha mgonjwa," alisema.

"Nakuonyesha wewe."

Kisha akafanya jambo hilo kwa utaratibu. Aligusa skrubu zote saba moja baada ya nyingine, akarudia raundi ya pili, na mbele ya kila namba akaandika jibu. Majibu yalikuwa kumi na manne, yote neno lilelile. Kwenye ya saba, mara zote mbili, Ubaldo aliinua mkono wa kushoto, akanyoosha kidole karibu kuigusa, na kulisema neno mara tatu. Everlides aliliandika mara moja tu.

"Mbona hapo ananyoosha mkono?" aliuliza Nelcy. "Anataka kusema kitu."

"Anataka kusema vitu vyote. Ndiyo shida yenyewe. Jana alinyoosha vivyo hivyo kwa feni."

Hilo lilikuwa kweli. Nelcy mwenyewe alikuwepo. Alimfuta kaka yake kidevu na kuendelea na uji.

Everlides alijifunza ufundi wa redio kwa masomo ya posta, na alifaulu mitihani yote kumi na minne. Hakuhitaji mchoro wala mtu wa kumwambia. Alipitisha umeme wa nyumba, volti mia na kumi, upande wa transfoma unaotazama valvu, akiwa ameweka balbu njiani kama kinga, kisha akapima kinachotoka upande wa skrubu. Kutoka ya kwanza kwenda ya pili palikuwa na volti nne nukta tisa. Ya tatu, sita nukta tisa. Ya nne, tisa nukta nane. Mzigo ukizidi mara mbili, volti huzidi karibu mara moja na nusu. Hesabu ilikaa sawa bila kubembelezwa. Ya kwanza ni ya pamoja, ya kutumiwa na mizigo yote. Ya pili ni ya ohm nne, ya tatu ya nane, ya nne ya kumi na sita.

Saa tano na dakika hamsini umeme ulikatika tena.

Zilibaki skrubu tatu. Kwa hizo alitumia mita katika kipimo chake kingine, kile kinachotumia betri ya ndani na kuonyesha kama waya umeungana na waya. Kwenye ya tano sindano haikusogea. Kwenye ya sita haikusogea. Kwenye ya saba ilishtuka, upana wa unywele, ikarudi ilipokuwa. Everlides aliirudia papo hapo. Safari hii haikusogea. Alidhani kidole chake kilikuwa kimeteleza kikagusa chuma. Ubaldo alikuwa na desturi ya kuweka skrubu zisizounganishwa na kitu, ili jasusi apoteze usiku mzima. Mafundi wote wa pikó walifanya hivyo, na skrubu hizo waliziita vipofu. Mbele ya tano, sita na saba aliandika: kipofu.

Umeme ulirudi Jumamosi saa tatu asubuhi. Everlides alikuwa na saa moja na nusu kabla ya lori kuja kubeba mtambo, na aliitumia kwa priamplifaya, kile kisanduku kinachopokea sauti dhaifu ya santuri na kuikuza kabla haijaingia kwenye amplifaya. Hicho nacho kilikuwa kipya, cha transista. Kilitoa mpaka volti nane, wakati amplifaya ya Ubaldo ilishiba kwa moja na nusu. Alifunga vizuizi viwili vidogo kwenye njia ya waya ili kinachoingia kiwe kile kinachohitajika.

"Unaninyonga sauti, shemeji," alisema Dagoberto, akila arepa ya yai, andazi la mahindi, akiwa amesimama.

"Nanyonga mkwaruzo. Sauti iko palepale."

"Yule Nando wa Askofu atanicheka mpaka Jumatano ya Majivu."

"Akucheke ukiwa unapiga muziki, siyo ukiwa unazima moto."

Dagoberto alilamba mafuta kwenye vidole. "Kwa hiyo kabati la pili tutalifungaje?"

Lilikuwa swali la msingi. Kabati la pili lingefichwa kwenye ua wa jirani na kuletwa raundi ya mwisho, Askofu akiwa ameshaonyesha nguvu zake zote. Lakini pikó inayonyamaza kwa muda unaotosha watu kuhesabu mpaka kumi na tano imeshindwa, hata kama ilikuwa inaongoza. Hiyo ndiyo sheria, na watu wa kuhesabu hawakosekani. Kwa hiyo kabati lilipaswa kuungwa muziki ukiwa unalia, na kubadilisha skrubu kufanyike katika pengo la kati ya nyimbo mbili.

Everlides aliandika utaratibu kwenye kipande cha boksi la biskuti, kwa herufi kubwa. Kabati la kwanza, skrubu ya kwanza na ya tatu. Waya wa kabati la pili uvutwe mapema, mita kumi na moja, ncha za mbali ziachwe zimening'inia. Huku kwenye amplifaya, waya mweusi ufungwe kwenye ya kwanza. Mwekundu uegeshwe kwenye ya saba, kwa sababu ni kipofu, na kwa sababu iko mwisho kabisa, waya hauwezi kuteleza ukagusa jirani. Kabati likifika, Dagoberto aunge ncha za mbali, kisha ainue mkono. Wimbo ukiisha, Everlides ahamishe waya zote nyekundu mbili kwenye ya pili. Walifanya mazoezi mara tano bila umeme. Alitumia sekunde kumi na moja.

"Na mimi nikiunga huku muziki unalia, sipigwi?"

"Upigwe na nini? Ya saba haijaunganishwa na kitu chochote."

Alilisema hilo mbele ya Nelcy.

Uwanja ulikuwa ni njia panda yenye vumbi, mabati juu, pikó mbili zikitazamana umbali wa mita thelathini. Everlides alipigilia fimbo ya shaba ardhini, akaimwagia ndoo mbili za maji ya chumvi, na kuunga waya kutoka fimboni hadi kwenye amplifaya na fremu za chuma za kabati, ili kitu kikivuja kiende ardhini na si kwa mtu. Wa Askofu hawakuwa na fimbo.

Saa nane na dakika tano pambano lilianza. Nando Charris, mpigaji wa Askofu, alikuwa na kipaza sauti na hakukiachia.

"Jamani, nimeambiwa ni kichuguu kizima, mbona namwona mchwa mmoja tu? Wenzake wamepuliziwa dawa?"

"Mchwa hali kwa kelele, baba!" Dagoberto alimjibu kwa mikono miwili kinywani. "Utashtukia umekaa chini, kiti kimeliwa!"

Watu walishangilia. Dagoberto alipiga santuri moja ya Kiafrika ambayo hakuna mtu mjini humo aliyekuwa nayo wala aliyejua lugha yake, na wote waliimba maneno waliyojitungia. Sauti ilikuwa safi. Besi iliingia kifuani bila kukwaruza. Kila robo saa Everlides aliweka kiganja juu ya transfoma. Ilikuwa na joto la sufuria ya kahawa iliyoepuliwa muda mrefu. Aliandika.

Saa tisa na nusu Nelcy alimleta Ubaldo kwenye kiti chake, kofia nyeupe, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, na kumweka mita mbili kutoka amplifaya. Ubaldo aliitazama kazi yake. Kisha alitazama nyuma ya amplifaya, kwenye skrubu, na mkono wa kushoto ukainuka. Muziki ulikuwa mkubwa mno; Everlides aliona midomo tu. Ilisema neno lile. Ililisema tena na tena.

Alimwinamia sikioni. "Ndiyo, kaka. Inafanya kazi. Haijachemka."

Mkono haukushuka. Jua lilikuwa limeingia chini ya bati na kumpiga usoni, na macho yalikuwa yakimtoka machozi. Everlides alikigeuza kiti, mgongo kwa jua na kwa amplifaya.

Saa kumi na dakika thelathini na tano wanaume sita walilitoa kabati la pili uani kwa jirani, limefunikwa turubai. Umati ulipiga mayowe. Nando alishusha kipaza sauti kwa mara ya kwanza mchana ule. Dagoberto alilivua turubai kwa mkono mmoja kama mtu anayemfunua bibi harusi, akapiga magoti nyuma ya kabati, akashika ncha ya waya mweusi na kuifunga. Kisha akashika mwekundu. Ncha yake ilikuwa imechakaa kwa kukanyagwa, nyuzi chache tu za shaba zimebaki. Alihitaji kumenya nyingine mpya.

Dagoberto alikuwa na koleo mfukoni. Lakini tangu ujana alimenya waya kwa meno, kama mafundi wote wa mtaa, na kwenye utaratibu wa boksi la biskuti hapakuandikwa kwamba asifanye hivyo. Aliegemeza kiwiko cha kushoto kwenye fremu ya chuma ya kabati la kwanza. Hakuwa na shati na alikuwa amelowa jasho. Aliuma waya.

Wimbo ulikuwa umebakiza dakika moja na nusu. Watu wawili waliokuwa karibu naye walieleza baadaye kwamba walimwona akitikisa kichwa upesi upesi, kama mtu anayekubali, na wakadhani anafuata ngoma. Everlides, kwa upande wake, alikuwa na bisibisi mkononi na macho kwenye ukingo wa kabati, akisubiri mkono uinuke. Haukuinuka. Wimbo ulipokwisha, Dagoberto aliachia, akaanguka ubavu.

"Kimya!" alipiga kelele Nando. "Hesabuni! Moja! Mbili!"

Upande wa La Chinita ulihesabu mpaka kumi na tano, na unga wa mahindi ukarushwa hewani. Everlides alikuwa ameshafika nyuma ya kabati. Kwenye mdomo wa Dagoberto palikuwa na alama mbili ndogo, kijivu, moja juu ya mdomo na moja kwenye ulimi. Alimbonyeza kifua. Alimbonyeza mpaka pikapu ilipofika, na ndani ya pikapu aliendelea. Hospitalini, saa kumi na moja na dakika tano, daktari wa zamu alitazama saa yake na kusema muda huo kwa sauti ili muuguzi auandike.

Nelcy alikuwa amekaa kwenye benchi la korido, viganja bado vyeupe kwa unga.

"Ulisema haijaunganishwa na kitu," alisema.

"Nilisema."

"Nilikusikia. Nilikuwepo."

"Ulikuwepo."

Nelcy hakumtaka aketi karibu naye.

Jumapili saa moja asubuhi amplifaya ilikuwa tena mezani kwa Ubaldo. Transfoma haikuwa na kasoro. Everlides alikuwa ameipima kwanza. Ubaldo alikuwa amelala chumba cha nyuma. Umeme ulikuwepo.

Aliilaza amplifaya chali, akaumaliza umeme uliohifadhiwa ndani ya kapasita kubwa ili zisimpige, na kufungua skrubu kumi na mbili za bati la chini. Jambo hili hakulifanya Ijumaa, kwa kuwa hesabu ilikuwa imekaa sawa bila kufungua. Kutoka skrubu ya tano hapakuwa na waya. Kutoka ya sita hapakuwa na waya. Kutoka ya saba palikuwa na waya mwembamba ndani ya kitambaa cheusi. Ulipita pembeni, chini ya waya nyingine, hadi kwenye kapasita moja ndogo kama tumbaku ya kusokota, na kutoka hapo hadi kwenye valvu, mahali pale ambapo umeme wa muziki una nguvu kuliko popote. Kapasita hujaa kwa mguso wa kwanza, kisha huzuia umeme wa betri, na mita yake Ijumaa ilikuwa ikitumia betri. Umeme wa muziki huupitisha.

Kwenye bati, kando ya kapasita, palikuwa na neno moja la penseli, mwandiko wa Ubaldo. Hakulikwangua, kwa sababu lilikuwa ndani. Liliandikwa: macho.

Alirudisha bati, akafunga kabati la kwanza kwenye skrubu ya kwanza na ya tatu, akaweka santuri ileile na kugeuza kitasa cha priamplifaya hadi alama ya jana. Majirani walifungua madirisha. Mmoja aliuliza kwa sauti kama hawana haya, na msiba uko ndani. Everlides aliweka ncha moja ya mita kwenye skrubu ya kwanza, na nyingine kwenye ya saba.

Saa moja na dakika ishirini, ngoma ilipoingia, sindano ilipanda hadi volti mia nne na thelathini. Alichukua karatasi ya Ijumaa, akakata kwa mstari neno aliloandika mbele ya saba, na kuandika namba hiyo.